Mzee Mihambo na Meza Aliyonyimwa

Kijijini, upande wa Goweko,
Tabora.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa bado na nguvu za kupanda hadi kwenye migomba ya juu, na kwamba goti la Mama limetulia tangu baridi ipungue. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mume wangu Maganga anakuamkia. Tumbaku tumekwisha kuikausha, na mvua bado tunaingojea.

Naandika upesi ili niwahi kabla ya barua ya wazee wa kanisa la huku, ambao wameahidi kukuandikia wewe kama mzee mwenzao. Watakuambia kwamba binti yako ametengwa. Ni kweli, nimetengwa tangu Jumapili iliyopita. Nisikilize mimi kwanza, kisha uwasome wao.

Nilikueleza jinsi operesheni ilivyotuhamishia kijiji hiki cha ujamaa mwaka jana. Lori lilikuja asubuhi, tukaambiwa tupakie. Baba mkwe wangu, Mzee Mihambo, hakupakia kitu. Alikoroga unga wa mtama mweupe kwa maji katika kibuyu, akaenda kwenye kaburi la baba yake, aliyekuwa mpagazi na akazikwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Akamwaga pale, akamweleza marehemu kwamba serikali inatuhamisha, asishangae akiona pamekuwa kimya. Kisha akapanda lori. Ndivyo Wanyamwezi wa umri wake wanavyofanya, hawaondoki bila kuwaaga waliolala.

Basi ndani ya lori lile alikuwemo Mzee Petro, akayaona hayo yote. Huyu ni mzee wa kanisa, mwenye macho ya kuona dhambi za watu toka ng'ambo ya bonde, lakini shamba la ujamaa lililo mbele ya pua yake halioni. Zamu yake ya palizi ikifika, mgongo humuuma. Kabla hatujamaliza kuezeka nyumba zetu mpya, Baba mkwe alikuwa ametengwa kwa kuasi imani. Mtu aliyebatizwa kabla Petro hajazaliwa, aliyefyatua matofali ya kanisa la zamani kwa mikono yake mwenyewe.

Alikaa hivyo mwaka mzima. Kila Jumapili alikuwa benchi la nyuma, na Meza ya Bwana ikiandaliwa alitoka nje akasimama juani mpaka wamalize. Kiangazi hiki kifua kikamlaza, akajua haamki tena. Akaomba jambo moja tu, ale Chakula cha Bwana kabla hajafa.

Mchungaji anakaa mjini na hutufikia mara chache. Alituma neno kwamba wazee wakikubali mgonjwa arudishwe, atakuja. Wakaja wawili, Petro na mwinjilisti Elia, kijana aliyetumwa kwetu kutoka mjini na viatu vyake vinavyong'aa. Nikawachinjia kuku. Walikaa kivulini mwa bani la kukaushia tumbaku, chini ya dirisha la mgonjwa, wakaanza kubishana. Petro alisema wokovu hupotea, na huyu ameupoteza, basi atubu hadharani aupate upya. Elia akasema hapana, wokovu wa kweli haupotei kamwe, na aliyeanguka ni dhahiri hakuwahi kuokoka. Ubatizo wake ulikuwa kuoga tu, kwa hiyo aanze mafundisho pamoja na wanaoanza. Mafundisho ya miezi, Baba, kwa mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha uji.

Walibishana mpaka kuku akaisha. Kila mmoja alikuwa na mstari wake wa Maandiko, na aliupiga kama mtu anayeua nyoka. Hakuna aliyeinuka kwenda kumwona mgonjwa, ambaye alisikia yote. Niliwadharau tangu saa ile, na sikufichi kwamba ninawadharau hata sasa.

Nilipokuwa nikimnawisha Elia mikono, nilimwuliza kwa upole yeye amejuaje kwamba wokovu anao. Akanitazama kana kwamba ni yule kuku aliyesema.

"Mama, mimi sijawahi kuanguka."

"Hujawahi kuhamishwa," nikamwambia.

Mwisho waliafikiana mgonjwa abebwe hadi kanisani, akiri kwamba alimkana Kristo pale kaburini. Baba mkwe aliwajibu kupitia dirishani.

"Dhambi ninazo, waje nizitaje moja moja. Ila nilimuaga baba yangu. Nikiitubu hiyo, nitakuwa namdanganya Mungu nikiwa mlangoni pake."

Wakaondoka wakisema ana kiburi.

Sasa nafika kwenye jambo litakalokuumiza. Unajua mlivyonilea huko Rungwe, kwamba mke hamtazami baba mkwe, akisikia hatua zake anajificha. Miaka sita nimeishika desturi hiyo, Wanyamwezi wakinicheka, na chakula chake nikikipitisha kwa mkono wa Maganga. Siku ya tatu Maganga alikuwa amekwenda stesheni kupanda treni, akamtafute mchungaji mjini. Mzee akaniita, akauliza kama wazee wamerudi. Sikuweza kumjibu nikiwa nyuma ya ukuta. Nikaingia, nikaketi kitandani pake, nikamtazama usoni. Mkate haukuwepo kijiji kizima. Nikamega ugali wa mtama, nikakoroga ukwaju kwa asali, nikasema yale maneno niliyoyasikia tangu utoto nikikuona wewe umesimama kando ya mchungaji. Nikamlisha kwa mkono wangu. Alitafuna polepole sana, akaniambia ahsante. Alifariki kesho yake asubuhi.

Wazee walikataa azikwe kwenye makaburi mapya, kwa kuwa hapajawa na kaburi hata moja na la kwanza lisiwe la mwasi. Tukambeba kwa miguu, tukamzika kule kwa baba yake, na watu tuliofuatana nao walikuwa wengi kuliko wa Jumapili. Habari ya ugali niliwaambia wazee mimi mwenyewe, mbele ya wote, kwa hasira. Hapo ndipo waliponitenga.

Nimepewa njia ya kurudi. Jumapili ijayo nisimame kanisani niseme kwamba kile kilikuwa ugali tu, na ule ulikuwa ukwaju tu, na kwamba sikumpa kitu. Petro na Elia safari hii wamekubaliana. Ni maneno machache, Baba, na kwaya naitamani, mpaka huwa nalia nikiisikia kutoka nyumbani. Lakini nikiyasema, mzee atakuwa amekufa bila kula. Kwa hiyo sitayasema.

Mpe Mama shikamoo yangu, na shangazi mshonaji pia. Mdogo wangu anayesomea ualimu mwambie asome bila wasiwasi juu yangu. Wewe umekaa vikao vya namna hii miaka mingi, wala sikuulizi mliwatenga akina nani. Wazee wa huku watakuuliza kama ni wewe uliyenilea hivi. Wajibu, Baba, na nakala ya jibu hilo nitumie mimi.

Ni mimi binti yako,
Atupele