Shikamoo Nilizozimeza Kwenye Korido

Jumanne, jua linazama. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Isevya tangu asubuhi, joto limenikaba shingo, na mvua yenyewe hainyeshi wala haiondoki. Nimechoka. Nimechoka mpaka kidole ninachobofyea hapa kinaniuma.

Blogu hii niliifungua kwa ajili ya mishono. Leo sina mshono. Gauni la watu lipo juu ya cherehani na mkono mmoja, na mwenye gauni ameshapiga simu mara mbili. Avumilie.

Nataka kuandika jambo nililolifanya kabla sijaanza kulipamba.

Mama yangu anaishi nasi tangu Idi. Ana kisukari na mguu mmoja hausikii vizuri, na kule kwake mjini mpangaji alimkuta amezirai jikoni, uji umekauka motoni. Hospitali wakasema mpangaji angechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Nikamleta hapa. Binti yetu yuko bweni Nzega, chumba chake kipo wazi. Nyumba ina watu watatu tu: mama, mimi, na mume wangu Masanja.

Watatu tu, na nimeshindwa kuwafanya wasalimiane.

Masanja ni mtu wa Ziba, huko Igunga, kalelewa na babu yake kwenye ng'ombe. Alisilimu kabla ya ndoa, anaswali, anafunga, mama hapo hana neno. Dini aliibadili, ila miiko ya babu yake aliibeba yote kama ilivyo. Katika ukoo wao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hali naye, hampi mkono, hakai kwenye kiti alichokalia, haingii chumba alichomo. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Hata salamu anaituma kwa mtu. Wenzake wengi siku hizi wameacha, wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga picha. Masanja hajaacha. Anasema babu yake alimfundisha kwamba huyo ndiye aliyekuzalia mke, na hakuna mtu mkubwa kuliko huyo.

Sasa mchukue mtu huyo umweke nyumba moja na mama yangu!

Mama ni mtoto wa mjini. Wazee wake walikuja Tabora na misafara ile ya zamani kutoka Manyema, wakaweka mizigo chini wakabaki. Anapenda kusema hakuna kabila ambalo halijapita uani kwao likapewa maji. Kwao mkwe mwema anaingia ndani, anainama, anabusu mkono, anakaa kwenye mkeka anakula sinia moja na mama mkwe huku anataniwa. Mkwe anayezunguka nyuma ya nyumba ili asikuone, huyo kwake anakudharau. Na mama akidharauliwa hasemi kwa sauti. Anakunja mdomo, anakaa kimya siku tatu.

Miaka kumi na mmoja nimewaambia ndugu zangu, "Masanja ana haya." Basi. Ukweli wa mila yao sikuwaambia, kwa sababu siku ya posa shangazi zangu walicheka mavazi ya baba yake mdogo, wakacheka anavyopiga magoti kupokea maji, nikaapa moyoni kwamba sitawapa kitu kingine cha kuchekea. Kwa hiyo nikamfanya mume wangu mwoga wa watu. Wakati mama yupo kwake ilipita. Sikukuu Masanja alibaki barazani na wajomba, mama yupo ndani, siku inaisha.

Tangu aje hapa haipiti.

Kila asubuhi, kabla Masanja hajapanda baiskeli kwenda kwa ng'ombe wake shambani Ntalikwa, anasimama mlango wa jikoni ananituma: "Kamwambie mama shikamoo, muulize ameamkaje." Naye haondoki mpaka nimletee jibu. Anaweza kuchelewa kukamua, anaweza kunyeshewa, anasimama tu pale na kofia mkononi.

Wiki ya kwanza niliipeleka. Mama akanijibu, "Kwani yeye bubu? Salamu inatumwa kama mzigo wa basi?" Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akageukia ukutani. Kila asubuhi ugomvi kabla ya chai, na mimi nina nguo za watu. Basi asubuhi moja nilifika kwenye korido, mkono wangu ukiwa kwenye pazia la chumba chake, nikasikia anavyokohoa, nikasema leo siwezi. Nikasimama pale kidogo, nikarudi jikoni, nikamwambia Masanja, "Marahaba, ameamka salama."

Akavaa kofia akaondoka ameridhika.

Kesho yake nikafanya tena. Na kesho yake. Sikupanga, wallahi. Ikawa kama kazi nyingine za nyumbani, nafika kwenye korido, nahesabu pumzi mbili tatu, narudi na marahaba niliyoitunga mwenyewe. Siku nyingine naipamba: "Anasema asante kwa maziwa." Mama wala hakujua maziwa anayokunywa yanatoka kwa nani. Aliniuliza mara moja, nikamwambia tunapata huko huko Ntalikwa.

Miezi saba hiyo.

Juzi Jumapili nilikwenda sokoni kutafuta zipu. Masanja alikuwa nyuma ya nyumba anaziba uzio. Mama akatoka kuoga, saruji ya pale mlangoni ilikuwa na maji, mguu ukamponyoka. Akaanguka chini kabisa, kanga ikaenda huku na yeye huku. Akapiga kelele. Masanja akaja mbio, akakunja kona, akamwona.

Akageuka. Akampa mgongo, akakimbia kutoka nje kwenda ng'ambo ya barabara kumwita jirani yetu Mama Zuhura.

Mama Zuhura naye alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, mpaka ajifute, mpaka avae ndala. Mama yangu muda wote huo yuko chini kwenye saruji, kiganja kinatoka damu, anatazama kona ambako mkwe wake ametokomea. Niliporudi nilimkuta kitandani, kifundo cha mkono kimevimba, na hakulia. Alisema neno moja tu. "Nirudishe kwangu."

Jana hakula. Leo asubuhi alikuwa amepanga nguo zake kwenye begi kwa mkono mmoja, sijui aliwezaje, na amempigia kijana wa bajaji aje baada ya alasiri. Nikamwambia, mama, kule uko peke yako. Nikamkumbusha ule uji. Akasema afadhali kufa kwake kuliko kuachwa chini kama gunia la karanga mbele ya mwanamume mzima mwenye mikono miwili.

Nilikuwa nimepiga magoti namfunga kiatu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akasema juu ya kichwa changu, "Miezi saba, mwanangu. Miezi saba nimelala nyumbani kwake, hajanipa shikamoo hata moja kwa mdomo wake, na hata zile za kutuma aliziacha wiki ya kwanza."

Mikono yangu ikasimama kwenye kile kiatu.

Ningeweza kunyamaza. Niseme ukweli, nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria jinsi bajaji itakavyoondoka, halafu nitamwambia Masanja mama ameikumbuka nyumba yake, naye ataamini, kwa sababu mimi ndiye mdomo wa kila mtu katika nyumba hii. Ndipo nikaona jinsi nilivyofika mbali.

Nikasema, "Anakuamkia kila siku, mama. Mimi ndiye nisiyeileta salamu yake."

Nikamweleza yote, ya korido, ya marahaba zangu, ya maziwa, ya babu wa Ziba, ya kuingia majanini. Nilieleza vibaya, naruka huku na huku, nalia na kamasi, mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Mama alinisikiliza ameshika ule mkono uliovimba. Nilipomaliza akaniuliza, taratibu kabisa:

"Shikamoo zote hizo umeziweka wapi?"

Nikajifuta kamasi kwa ncha ya kanga.

Bajaji ikapiga honi nje. Mama hakuinuka. Honi ikapigwa tena.

"Na Jumapili," akasema, "alipogeuka."

"Hakutaka kukuona, mama. Ulikuwa huna kanga."

Akatazama dirisha. "Hata mimi sikutaka anione," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu asikunje ile kona. Halafu alipogeuka nikakasirika kwamba amegeuka." Akafyonza, sijui alimfyonza nani, mimi au yeye mwenyewe. Kisha: "Kamwambie yule kijana aende zake. Na mumeo akirudi, mwambie marahaba."

Masanja alirudi mapema leo, mawingu yalimtisha. Nilimkuta uani anafungua ile kamba ndefu anayofungia dumu la maziwa kwenye baiskeli, kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe.

"Mama anasema marahaba."

Akanitazama. "Si uliniambia asubuhi?"

Jamani. Sikuwa nimefikiria hapo. Nilidhani nimeshaungama, nimemaliza.

"Ile ya asubuhi ni yangu," nikasema. "Niliitunga kwenye korido."

"Na ya jana?"

"Na ya jana."

Ya juzi hakuuliza. Aliendelea na fundo la kamba, fundo analolifunga na kulifungua kila siku, leo likamshinda. Masanja si mtu wa kufoka, na leo nilitamani afoke. Mwishowe akakaa kwenye tofali.

"Alikuwa anajua kwamba namsalimu?"

"Wiki ile ya kwanza tu. Baada ya hapo, hapana."

"Kwa hiyo Jumapili, pale chini, alikuwa anadhani mimi..."

Hakumaliza. Alijifuta uso kwa kofia, akakaa nayo hivyo, imemfunika macho. Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mmoja na sijawahi kumwona hivyo, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Nilisema nisamehe. Alitikisa kichwa, sikuelewa ni ndiyo au hapana.

Baadaye akasema, "Rudi ukamwambie nimeipokea." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na uingie ndani."

Nikaingia ndani. Nikavuka lile pazia mpaka kwenye kitanda, nikasema, "Masanja anasema ameipokea." Mama alikuwa ameshavua baibui. Begi bado lipo mlangoni, halijafunguliwa, na sikuthubutu kuligusa.

Halafu akasema, na naandika kama alivyosema ili nisije nikapunguza kitu: "Mwambie mimi ni mzee, nitaanguka tena. Iwekwe kanga karibu na bafu. Akinikuta chini atazame pembeni, anirushie kanga, anifunike kichwa na vyote, halafu aninyanyue. Atakuwa hajaniona."

Loo! Mama yangu huyo, anayejua kukunja mdomo siku tatu.

Nikatoka tena uani. Miguu inawaka, leo nimekwenda na kurudi kuliko mbebaji wa misafara. Nikamweleza Masanja neno kwa neno, nikijisikia mjinga kama mtoto anayekariri. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani atakataa, maana kwao hata nguo ya mama mkwe haishikwi. Nikaanza kufikiria nitarudi kusema nini, na jinsi ya kulipamba, ndiyo, hata baada ya yote haya akili yangu ilianza kupamba.

Kisha akainuka, akaivuta ile kamba ya katani yote kutoka kwenye baiskeli, akaifunga kwenye msumari wa mlango wa bafu, akaivuta mpaka nguzo ya uzio, akaikaza. Akaijaribu kwa kiganja.

"Kaniletee kanga yake uitundike wewe," akasema. "Mimi nitaigusa siku hiyo tu."

Nimeitundika. Ipo pale, naiona kutoka hapa nilipokaa, na matone ya kwanza ndiyo yanaanza kuidondokea. Mama amekula nusu sahani. Masanja hajaongea nami tangu pale, na sijui nitamwomba vipi msamaha kwa miezi saba ya asubuhi.

Kesho saa kumi na mbili atasimama tena mlango wa jikoni. Nitaingia mpaka ndani, mama ajibu atakavyojibu, nami nitalirudisha jibu hilo hilo hata likiwa chungu. Dumu la maziwa atalifunga na nini, sijui.