Zamu ya Vidonge

Mpendwa Mama Dokta,

Habari ya kifo chako ilitufikia kituoni Kasongo kwa simu, saa nne asubuhi, akina mama wamejaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa. Muuguzi Asani alitoka chumbani, akaketi kizingitini, simu bado mkononi. Tukajua tu. Tulidhani utapona huko Kinshasa urudi, na miye nilikuwa nimejipangia maneno ya kukuambia siku utakaporudi. Nimechelewa. Basi ngoja niandike, maana maneno yakikaa tumboni miaka mingi yanachacha kama mboga ya sombe ya juzi.

Unakumbuka tulivyokutana? Tulikuwa tumesikia kwamba mtoto wa mvuvi wa Nyangwe, aliyesoma hadi ng'ambo, amerudi kuongoza utafiti wa dawa mpya ya SIDA, huo UKIMWI. Nilitegemea mtu wa viatu virefu na Kifaransa kitupu. Nikakuta mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa ovyo, anabishana na mwenye pikipiki kuhusu sanduku la barafu. Ulinisomea ile karatasi ya ridhaa asubuhi nzima, kwa Kiswahili chetu, neno kwa neno. Nilipotaka kuweka kidole haraka nikapike, ukauvuta wino kwako.

"Aka, mama. Mutu anayesema ndiyo bila kuuliza kitu, miye simuandiki."

Nikakasirika. Nikakuambia, "Haya. Kama munajua hii dawa iko muzuri, kwa nini munaijaribu? Na kama hamujui, kwa nini munatupa sisi?"

Ulicheka mpaka ukashika meza. Ukasema wakubwa wa utafiti wenyewe wanagombana juu ya swali hilohilo, ila wao wanalizungusha kwa kurasa nyingi. Kisha ukanieleza bila kunificha: dawa imeonekana njema kwa watu wa mbali, lakini hakuna mtu wa huku kwetu Maniema aliyewahi kuinywa, na siku nikichoka naweza kutoka bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikaweka kidole. Sijawahi kuelezwa hivyo na mtu aliyesoma, nasema kweli.

Zaituni nilimleta mwenyewe. Wewe ulimjua kama mke mwenzangu, lakini hukujua nyumba yetu ilivyokuwa. Mume wetu, Mungu amrehemu, alichimba dhahabu Salamabila, na kutoka huko alituletea pesa, vitenge na ugonjwa. Alikuwa na kasoro zake, lakini katika kugawa hakuwa na mpinzani. Kipande cha sabuni alikikata katikati kwa uzi. Chumvi aliigawa kwa kijiko. Zamu zetu hakuzikosea hata siku moja: siku mbili kwangu, siku mbili kwa Zaituni, hata akiwa na homa. Alipokuwa anakata roho alituambia, "Musitengane." Zaituni alikuwa na mimba changa.

Ulimpima, kisha ukamwambia hawezi kuingia. Mwenye mimba haruhusiwi, ndivyo sheria ya utafiti ilivyoandikwa.

"Wanaogopa kumuumiza mutoto," ukasema. "Hata miye ninaogopa. Lakini..."

Hukuimaliza ile sentensi. Ukamwandikia vidonge vya kawaida, naye akaenda kwao Kabambare, akae karibu na mama yake. Vile vidonge vilimtapisha hadi maji. Mvua ikaja, njia ya Kabambare tunaijua sote, pikipiki zinazama tope hadi kwenye tangi, naye hakurudi kuchukua vingine. Siku alipotokea tena kwangu alikuwa amebaki mifupa na lile tumbo la mimba tu.

"Dada," akaniambia, "miye sasa ninangoja tu."

Mama Dokta, wewe ungefanya nini? Mimi nina kopo la dawa mpya kabatini, mwili umenawiri, watu wananiita bibi harusi. Yeye mlango wa pili, na mtoto tumboni. Tangu niolewe sijawahi kula kitu katika nyumba ile bila yeye kukila. Nikachukua kopo nikaliweka katikati ya mkeka. Tukapanga kama tulivyozoea kupangiwa: siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Tulicheka kabisa. Zaituni akasema marehemu amerudi kwa sura ya kidonge.

Wewe kila mwezi ulihesabu vidonge vilivyobaki, na kila mwezi hesabu ilikuwa sawasawa. Ingekosaje kuwa sawa? Vilimezwa vyote. Damu yangu ndiyo iliyokataa kushirikiana nasi. Kipimo cha virusi kilipanda, kikapanda tena. Ukaniita ndani, ukafunga mlango, uso wako umechoka kama mtu aliyefiwa.

"Mama, uniambie kweli. Uko unakunywa kila siku?"

"Wallahi, kila siku."

Niliapa. Jina la Mungu mdomoni na uongo chini yake. Ukatikisa kichwa polepole, ukasema, "Basi dawa iko inashindwa kwako. Nitaandika imeshindwa." Nilitoka nje nikaona afadhali. Eti afadhali! Nilifikiri uongo wangu ni mambo ya nyumbani kwangu tu, ya mimi na Zaituni na mkeka wetu.

Ijumaa ile ulikuja bila kutuma habari. Baadaye ulisema kwamba karatasi ilikuwa tayari na mkono ulikataa kutia sahihi. Mimi nilikuwa uani napepeta mchele. Zaituni ndiye aliyekupokea, kopo mkononi, na masikini yule hakujua kudanganya. Akakukaribisha kwa furaha: "Karibu Mama Dokta! Unikute tu ninakunywa, leo iko zamu yangu."

Nilipoingia ulikuwa umekaa chini kwenye mkeka, mikono juu ya kichwa. Nilingoja matusi. Ukamuuliza Zaituni mimba ina miezi mingapi. Sita. Ukamuuliza tangu lini mnagawana. Akakujibu yote. Ukaanza kulia, nasi tukaogopa, maana hatukuwahi kuona daktari analia mbele ya wagonjwa.

"Nusu haimutoshi yeye, na haikutoshi weye," ukasema. "Virusi vinaizoea dawa. Mulikuwa munaelekea kufa wote wawili pamoja."

Nikakupigia magoti. Nikakuomba usiandike. Watanitoa, nikasema, na wewe wakubwa wako watasema hujui kuongoza. Ukanishika bega ukaniinua.

"Nikiandika dawa imeshindwa, watu wa mbali wasiotujua watanyimwa dawa hii kwa sababu ya uongo wetu. Nikinyamaza, ni ileile. Wale watu siwajui, mama, lakini niliwaahidi."

Ukaandika. Jumatatu Zaituni alikuwa na dawa nyingine ya kawaida isiyomtapisha, na kila wiki ulituma mtu wa pikipiki kumwangalia. Mtoto alizaliwa, akapimwa mara ya kwanza, ya pili, ya mwisho: mzima. Anaitwa kwa jina lako, ulilijua hilo. Mimi nilitolewa. Dawa mpya ilikwisha kuharibika mwilini mwangu, hadi leo nakunywa nyingine, kubwa kama punje za mahindi, asubuhi na jioni. Sinung'uniki. Kilichoniuma ni wewe. Uliitwa Kinshasa, tukasikia umegombana na wakubwa mkutanoni kuhusu wenye mimba, na uliporudi kituo kilikuwa chini ya mtu mwingine. Ukabaki unatibu wagonjwa kama daktari yeyote. Ulinisalimia vilevile. Nami kila nikikuona nilikuwa naona ile karatasi yako, na jina langu juu yake: mama fulani wa Kasongo aliapa uongo. Niliona aibu kuizungumza. Nikakuletea mchele, samaki, mawese, kila kitu isipokuwa neno moja.

Sikiliza sasa. Siku ya arobaini yako Asani alikaa karibu nami. Ni yeye aliyekuchapia ile ripoti. Nikajikaza nikamuuliza ulisema nini kuhusu kiapo changu. Akanitazama kwa mshangao.

"Kiapo gani?"

Hukukiandika, Mama Dokta. Asani anaikumbuka ripoti yote. Uliandika kwamba vidonge viligawanywa, tarehe hadi tarehe, na kwamba mgonjwa alimpa mwenzake ambaye sisi tulimfungia mlango. Kisha ukaandika kwamba kosa la kutogundua mapema ni la kiongozi wa utafiti, kwa sababu aliuliza kila mwezi kama vidonge vimekwisha, wala hakuuliza hata mara moja nani mwingine nyumbani anavihitaji. Kwa sentensi hiyo walikunyang'anya kituo. Na mimi miaka yote nakukwepa macho!

Nililia pale mbele ya watu kama mtoto mdogo. Nisamehe. Ndilo neno lenyewe. Niliapa uongo mbele yako, nisamehe.

Nikupe na habari za kazi, maana najua ndizo utakazo. Utafiti mwingine umefunguliwa hapa, na safari hii wenye mimba wanaingia, wanaangaliwa wao na watoto wao. Viongozi wake ni vijana, wawili ni wanafunzi wako. Wameniajiri mimi, unaamini? Nasoma karatasi kwa akina mama, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Na kwenye ukurasa wa kwanza wameweka swali lako: nani mwingine nyumbani anaihitaji dawa hii?

Jana alikuja msichana kutoka Salamabila, tumbo la miezi mitano, amefunga uso kwa kitenge. Nilimsomea. Nilipofika kwenye swali hilo akanyoosha kidole kuelekea dirishani.

"Mudogo wangu," akasema. "Iko pale inje, nyuma ya ukuta. Anaogopa kuingia."

Nikaweka karatasi chini, nikatoka kumwita.

Mungu akupe mapumziko, Mama Dokta. Sitakukwepa tena.

Mimi, Mama Hadija,
mke mwenzake Zaituni na mgonjwa wako.