Mrija wa Wifi

Baba Nickson,

Nimewahi misa. Koroga maharage yasiungue, nyama ya mbuzi usiiguse. Mtungi wa pombe ya mtama uweke katikati ya wageni, mirija ya kunywea iko kwenye beseni.

Dada yako Evaline hana mrija. Asubuhi kawaambia majirani, nasikia kabisa, kwamba pombe ya Mrundi inanuka kambi ya wakimbizi. Na hii ndiyo Krismasi yangu ya kwanza kualika watu tangu nitoke Burundi kuja kwako! Mrija wake nimewashia jiko.

~~Mpe soda.~~ Asipewe hata soda.

Koo likimkauka, aje aniombe wangu mbele ya majirani wale wale. Nitampa, ila aombe kwa Kirundi.

Mkeo, Nadine