Uso Uliosafishwa

Jumamosi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Upepo wa baridi umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi ndani ya sufuria. Nina hasira, wala sitaki mtu aniambie nitulie.

Kesho tunamaliza kilio cha mdogo wangu Bahati. Vita vilimchukua kwetu Uvira, Kongo, mwili hatukuuona, na kwa miaka yote hii mkewe hakujua kama ni mke au mjane. Mwaka huu alifika hapa mtu aliyemwona akiuawa. Kwa kuwa hakuna kaburi, picha yake itawekwa kwenye kiti mbele ya wazee, nasi tutaiaga. Bila picha tutakiaga kiti.

Picha za karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Zilibaki negativu chache, vipande vya filamu, ambazo Mama Deo, mkewe, alizishonea ndani ya pindo la kitenge tulipokimbia. Deo, mwana wao, alikuwa mgongoni mwake, hajaota jino.

Sasa Deo ni mtu mzima, ana duka dogo la kuchapisha karatasi kule Mchesi, mjini Lilongwe. Nilikwenda naye City Centre kuchagua skana ya kusomea negativu. Muuzaji alitusifia kisanduku kidogo kinachotoa picha mara moja, bila kompyuta. Nilikataa. Katika picha zake za mfano, watu weusi walikuwa kama wamepakwa masizi, huoni shavu wala jicho. Tulichukua ile pana, iliyokwisha kutumika, yenye taa kwenye kifuniko, inayosoma polepole mstari kwa mstari. Nilijivunia uchaguzi huo.

Sikujua kwamba chombo kizuri hufanya ubaya kwa ustadi zaidi.

Jana Deo alileta picha ikiwa ndani ya fremu. Majirani wakajaa uani. Mama Riziki, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akamtania: "Deo, papa yako iko kijana kukupita. Weye njo utakuwa mukubwa wake." Wakacheka wote, na Deo pia.

Mama Deo hakucheka. Aliisogeza fremu kwenye mwanga, akaitazama, kisha akanipa mimi.

"Shemeji, huyu muntu mi simujui."

Paji la uso lilikuwa laini kama yai.

Bahati alikuwa na kovu, kuanzia nyusi ya kushoto hadi kwenye nywele. Alilipata utotoni, aliponing'inia kwenye ringi ya gari iliyokuwa kengele ya shule yetu, ikamwangukia. Alipofikiri jambo, alilipapasa kwa kidole. Sisi tuliomjua hatukuweza kuukumbuka uso wake bila kovu lile.

"Kovu liko wapi?" nilimwuliza Deo.

"Kovu gani, baba mukubwa?"

Akaeleza. Programu ya skana ilimwuliza kama iondoe vumbi na mikwaruzo, akakubali. Mistari mingi ikatoka. Mmoja ukabaki pale kwenye paji, naye akaufuta kwa mkono, taratibu, kwa uangalifu mkubwa. "Niliona njo mukwaruzo ya filimu. Nilitaka papa akuwe safi."

Nilimwambia maneno makali mbele ya watu. Nilimwambia kwamba wale waliomwua babake walificha mwili, na yeye amewamalizia kazi kwa kuficha uso.

Akasema, "Baba mukubwa, ningejulia wapi?"

Nilimrudishia fremu, nikaingia ndani.

Swali hilo linanichoma hadi sasa. Hasira ile nilimpelekea aliyekuwa karibu. Wanaostahili kuipata hawakuwamo uani. Wao ndio waliomfanya mtoto amtazame babake na asijue ni kipi cha filamu na ni kipi cha mtu.

Leo tulikwenda Mchesi sisi watatu. Niliipangusa negativu mimi mwenyewe kwa burashi laini, tukazima usafishaji wote, tukaisoma upya. Picha ilitoka imejaa mistari kama shamba lililopasuka kwa jua. Mama Deo akakaa mbele ya kompyuta, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hii ni ya kitenge. Hii ni ya kitenge. Hii..." Kidole kikasimama kwenye paji. "Hii njo yeye."

Deo aliinama, akapagusa pale pale. Kisha akauliza, "Na hii ya kwa kidevu?"

"Hiyo ni vumbi ya Dzaleka. Itoe, tumeizoea sana."

Ameitoa hiyo moja tu. Mikwaruzo mingine nimekataza isiguswe. Kesho Bahati atakaa kitini akiwa hivyo hivyo, na kovu lake, na alama za safari aliyosafiri nasi ndani ya pindo.

Nitaanza kwa kumwomba Deo radhi mbele ya watu wale wale. Hasira iliyobaki sitaiaga. Nimejua sasa ni ya nani.