Risiva ya Mzee Kosgei na Rangi ya Kucha

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Nakuru, Jumatano tarehe 6 Agosti 2008, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jina: Eucabeth Kerubo
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa kushona nguo
Makao: Lanet, Nakuru. Zamani Keringet.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nimekuja kwa sababu ya Mzee Kosgei, mkulima wa viazi wa Keringet, ambaye amelala kwenye seli hapa tangu jana. Anashukiwa kubeba mali iliyoporwa wakati wa fujo za Januari, zile za baada ya uchaguzi, na nimeambiwa kesho anapelekwa kortini. Mali yenyewe ni risiva, ile mashine inayogawa sauti ya televisheni kwa spika kadhaa. Haikuporwa. Nilimnunulia mimi.

Mnamo Jumamosi tarehe 2 Agosti, saa tano asubuhi, niliingia duka la Darshana, mama Mhindi anayeuza vyombo vya umeme karibu na soko. Nilitaka zawadi ya mzee kabla Olimpiki haijaanza Ijumaa hii. Mzee Kosgei anapenda mbio kuliko chakula, lakini masikio yake yamechoka. Anaona watu wakikimbia, mtangazaji hamsikii, basi anamsumbua mkewe Chemutai, "Amesema nani? Amesema nani?" mpaka mbio zinaisha.

Kwanza nilipenda risiva moja yenye taa za buluu. Darshana akaniuliza, "Mama, unanunua taa ama unanunua sauti?" Nikamwambia nanunua ya pesa niliyo nayo. Akacheka, akashusha nyingine kutoka rafu ya juu, nyeusi tititi, haina taa hata moja, na sanduku lake limebonyea kona. Ilikuwa rahisi kuliko zote mle dukani. Akasema hii imekuja na spika ya katikati, na maneno ya mtangazaji hutokea hapo.

Mimi siamini maneno ya dukani. Kwenye mkoba nilikuwa na pamba, ile ya kujazia mabega ya koti. Nikaziba masikio yote mawili ili nisikie kama mzee. Wateja walinitazama kama mwendawazimu, shauri yao. Ile ya taa ilinguruma tu. Kwa hii nyeusi nilimsikia msomaji wa habari akisema mambo ya bei ya mahindi, neno kwa neno. Nikatoa pamba nikasema, "Nifungie hii."

Darshana ana kawaida yake. Kabla mashine haijatoka dukani anapaka rangi ya kucha kwenye skrubu za nyuma, ili ukiirudisha ajue kama fundi wa mtaani ameifungua. Siku hiyo rangi nyekundu ilikuwa imekauka, akatumia ya zambarau. Akapaka skrubu tatu, simu ikalia, ya nne akaisahau. Nilimwona na nikanyamaza, nilikuwa na haraka.

Nilipofika nyumbani nikafanya ujinga. Kwetu zawadi haipewi mtu pamoja na bei yake. Na bei hii, kusema kweli, niliionea aibu, kwa vile mzee alinitendea makubwa. Nikatoa risiti kwenye sanduku, nikawasha nayo jiko, nikapika chai. Sikujua nachoma ushahidi.

Jana, Jumanne, mzee alifika kwangu Lanet saa sita mchana. Alikula, nikampa sanduku. Akasema, "Kerubo, hii imezidi." Nikamwambia anyamaze abebe. Aliondoka saa nane. Saa moja jioni nikampigia Chemutai, akasema bado hajafika. Leo saa mbili asubuhi nimeuliza stejini, pale matatu za Keringet zinapopakia, na mama anayeuza njugu akaniambia polisi walimshika mzee mmoja mwenye katoni kwa sababu hakuwa na risiti.

Afisa ameniambia walimuuliza mzee nani alimpa. Akajibu, "Nimepewa na mtu." Mtu gani? "Mtu mzuri." Baada ya hapo alifunga mdomo. Jamani! Mtu ana ulimi na anakubali kufungwa!

Lakini najua kwa nini. Nyumba yangu ya Keringet ilipochomwa Januari kwa sababu mimi si wa kabila la huko, Mzee Kosgei alinificha siku tisa kwenye stoo yake ya viazi. Chemutai aliniletea chakula ndani ya ndoo, juu ametandaza maganda, ndiyo majirani wafikiri anapelekea ng'ombe. Siku ya kunitorosha mzee aliniambia, "Usitaje jina langu popote, na mimi sitataja lako." Kuna majirani zake ambao hadi leo hawajui, na wakijua sijui watamfanya nini. Ameshika neno lake mpaka ndani ya seli. Mimi leo nimelivunja mbele ya afisa, na sijuti. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie akiwa nje.

Nimemwomba afisa aandike kwanza, kabla hajaigusa mashine: rangi ya zambarau, skrubu tatu, ya chini kushoto haina. Ameandika. Kisha ameigeuza mezani mbele yangu. Ilikuwa zambarau. Tatu zimepakwa, na ya chini kushoto haina kitu. Nimelia hapa hapa kaunta, na naomba hilo pia liandikwe, kwa sababu tangu Januari sikuwa nimelia.

Mzee ametolewa seli akiwa ameshika viatu mkononi. Nikamwambia nimesema yote. Hakusikia. Ikabidi nimpigie kelele sikioni, kituo kizima kikasikia. Akanitazama, akauliza, "Sasa tutafanya nini?" Nikamwambia yeye ataenda nyumbani kuangalia mbio.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, la kuongeza sina. Nimesomewa, nikaona ni sawa.

Sahihi: E. Kerubo

MAANDISHI YA AFISA: Nimempigia simu mwenye duka. Namba ya mashine inalingana na iliyo kwenye kitabu chake cha waranti, na jina la mnunuzi ni la shahidi. Mzee Kosgei ameachiliwa saa sita na nusu mchana pamoja na risiva yake, na nimempa barua yenye muhuri ya kuonyesha askari yeyote njiani. Barua haitaji jina la aliyempa. Mwenye duka alinitajia bei pia. Shahidi ameomba mzee asiijue, kwa hivyo sijaiandika.

Kopl. Z. Kiprotich