Chachu ya Mama Mkwe

Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako kikohozi kimempungua, ameanza tena kulalamikia chumvi.

Umeniuliza kama ni kweli chachu ni seli hai, zinazokula sukari, zinazopumua na kujigawa. Mimi nilijua siku nilipoziua.

Enzi za Mwingereza, nilikuwa bi harusi mpya hapa Kibuta. Kila akipika vitumbua, mama mkwe alibakiza unga kidogo uliochachuka wa kuumulia unga mwingine. Siku ya maulidi nilitaka uumuke haraka, nikaumiminia wote, na chachu yote ikiwa ndani, tui linalochemka. Vitumbua vikatoka bapa, vigumu kama makubadhi. Wageni wakavilainisha kwa chai ndipo wakatafuna. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe hakunigombeza. Alimgeukia jirani, aliyekuwa akigawiwa naye chachu ile miaka yote.

“Bi Tatu, nirudishie kijiko kimoja.”

Nilikipokea kwa mikono miwili, uso chini. Ndiyo chachu ninayopikia hadi leo. Kabla ya kumimina tui nachovya kidole kwanza, na uso bado unaniwaka.

Ukija likizo nitakupa yako. Kabla hujaipikia, mpelekee jirani kijiko.

Bibi yako