Sauti ya Pasaka ya Uvira

Katy, Texas, 8 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Huku kwetu tunashukuru, tunaamka na tunakwenda kazini. Mjukuu wako Kethia ana mafua, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, unamjua mwenyewe. Wewe je, koo linaendeleaje? Aurore anasema unakunywa supu tu, na kwamba ulimfukuza chumbani alipotaja hospitali. Mama jamani, huyo ni binti yako, anakaa na wewe, anayaona.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ukiongea kwenye simu koo linauma, na nikikutumia meseji unasema herufi ni za sisimizi. Haya, mimi nimekubali. Stempu nimenunua.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakata majani mbele ya nyumba. Jirani yangu Gary, yule Mzungu mwenye hereni na nywele nyeupe, alikuwa amefungua garaji anapanga santuri zake za zamani. Miaka ya tisini ilipoanza yeye alikuwa kijana wa kukesha kwenye madisko ya Dallas. Akaweka moja. Ikaanza ngoma ile ya mashine, tu-tu-tu-tu, ikaja piano inagongwa kwa nguvu zote. Halafu, Mama, ukaimba wewe.

Naapa! "Jiwe limeondoka." Ule wimbo wa Pasaka unaouanzisha hapo parokiani Garland, kwa Kiswahili chetu cha Uvira. Nilizima mashine ya majani nikavuka mpaka garajini kwake. Wamekata neno moja wanalirudia, limeondoka, limeondoka, limeondoka, piano inajibu, unaanza tena. Gary ananiambia ilitengenezwa Italia mwaka 1990. Wale vijana walikuwa wanachukua vipande vya sauti kwenye kanda yoyote waliyoiokota, wanavishonea ngoma yao. Kwenye jalada hakuna jina la mwimbaji. Anasema kipande hicho kilipofika ukumbi mzima uliinua mikono, na miaka yote hii alidhani ni Kihindi.

Mimi nadhani ni kanda ya yule padri Mwitaliano aliyekuwa anarekodi kwaya yenu kule Uvira, kabla hatujaondoka Kongo.

Mama, unakataa kupasuliwa kwa sababu daktari amesema uvimbe umeshika mshipa wa sauti, na ukitolewa, sauti inaweza kwenda nao. Lakini sauti yako imeshawekwa! Ipo, nimeishika mkononi. Wakutoe huo uvimbe. Ukiuacha utakuua, na hilo daktari alilisema mbele yetu sote. Silali vizuri.

Mwanao,
Nestor


Garland, Texas, 14 Machi 2025

Nestor mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nipo, Mungu hajanichoka. Mpe Kethia tangawizi na asali, na uache kumbembeleza. Mke wako mpe salamu zangu, mwambie yale maharage aliyonitumia yalikuwa matamu ila chumvi hakuna.

Kwa hiyo Wazungu walikuwa wanarukaruka juu ya ufufuko wa Bwana, na wewe unaniletea habari hiyo kama zawadi. Hongera sana.

Halafu unaniambia sauti yangu "imewekwa". Imewekwa wapi, kwenye friji? Sauti yangu mimi naitumia, Nestor. Jumapili nitaanzisha nyimbo zote nne, koo liume lisiume. Mama Prudensia anaringa kwamba anaweza kushika nafasi yangu. Thubutu!

Na hujui unachosema. Kule Uvira mimi sikuwa wa kuanzisha, mimi nilikuwa wa kuitikia. Hapa naanzisha kwa sababu hakuna mwingine. Huo wimbo uliousikia ni wa mtu mwingine. Watu wengi waliimba "Jiwe limeondoka".

Habari ya kisu usiniletee tena. Kama unataka kuandika, andika habari za mjukuu wangu.

Mama yako,
Scholastique Butoyi


Katy, 20 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Kethia amepona, sasa anakohoa baba yake.

Nimekasirika, sikufichi. Naendesha gari kila siku kwenda kazini Houston na kurudi, njia nzima nagombana na wewe peke yangu. Watu wa magari mengine wanaona mtu anapiga usukani, wanasogea.

Hukubali? Basi sikiliza mwenyewe. Santuri iko ndani ya kifurushi hiki. Gary alikataa kuniuzia, amekupa. Aurore amenunua gramafoni ya kuichezea, usimfukuze. Sikiliza mara moja tu, halafu uniambie kama mimi sijui sauti ya mama yangu.

Mwanao,
Nestor


Garland, 3 Aprili 2025

Mwanangu Nestor,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, wewe na nyumba yako yote. Sikuandika mapema kwa sababu mkono ulikataa.

Nimeisikiliza. Siyo mimi. Ni Bukuru.

Unajua nilizaliwa pacha, jina langu lenyewe linakuambia: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Zaidi ya hapo hukuambiwa kitu, na sasa nitakuambia. Kwenye kwaya ya Uvira, Bukuru ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo, "Jiwe limeondoka," na mimi naitikia, "nani ameliondoa?" Sauti zetu zilikuwa moja. Bibi yako akiwa jikoni, hakujua ni nani kati yetu anayeimba uani, alikuwa anatuita wote wawili ili asikosee.

Bukuru alipokwenda, ilikuwa kipindupindu, kabla ya Krismasi. Bibi yako akakataza kilio. Nyumbani kwetu pacha akitwaliwa haliliwi, na halisemwi lile neno, wanasema ukimlilia mmoja unamwita wa pili amfuate. Kwa hiyo wakaniambia Bukuru amekwenda kutafuta chumvi. Wakanivika kitenge kipya, wakanipa maziwa ninywe, na wanawake wakawa wananichekea! Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza Uvira, nikanyamaza kambini Tanzania, nikaja nikanyamaza Texas.

Lakini nikianzisha wimbo namsikia. Hiyo ndiyo sababu, Nestor. Mlidhani mama yenu ana maringo ya kwaya. Bukuru yuko humu kooni. Wakinikata, mimi nitampata wapi?

Sasa nimempata. Kila nikitoka misa ya asubuhi naiweka ile santuri. Hiyo ngoma yao ya wazimu nimeshaizoea, mguu unapiga wenyewe. Halafu anaingia yeye, limeondoka, limeondoka, na mimi nalia. Nalia kwa sauti, kamasi na yote! Aurore anataka kuificha. Mwambie akithubutu nitamrudisha kwako Katy.

Nimemwambia daktari nakubali. Wamenipa tarehe 6 Mei. Sauti yangu waichukue, yeye anabaki.

Gary mwambie asante. Mwambie siyo Kihindi.

Mama yako,
Butoyi


Katy, 28 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na unakula. Sisi tuko wazima, isipokuwa mimi, ambaye nina jambo tangu wiki ya Pasaka na linanizungusha nyumba nzima. Mke wangu anasema nikae chini. Siwezi kukaa.

Nilitaka kukufurahisha. Nikamtafuta yule padri, nikaandikia shirika lao Italia, wakanijibu kwamba yu hai, yuko katika nyumba yao ya wazee. Tukaongea kwa video. Mama, anaongea Kiswahili cha Uvira kunishinda mimi! Nikamchezea kipande. Akafumba macho, akasema, "Hiyo ni Pasaka ya mwaka themanini na tisa. Butoyi huyo."

Nikamwambia hapana Padri, ni Bukuru, yeye ndiye aliyeanzisha. Akasema Bukuru walikuwa wameshamzika kabla ya Krismasi iliyotangulia, yeye mwenyewe alisoma misa. Anasema siku ile hakuna aliyetaka kuanzisha. Ukatoka wewe mstari wa nyuma, ukaimba, "Jiwe limeondoka," ukanyamaza ukingoja uitikiwe. Kwaya nzima wakaogopa kuitikia mahali pako. Ukaimba tena, ukangoja tena. Aliirekodi hivyo hivyo. Kanda aliwapa watu wa redio moja alipokwenda likizo kwao, na huko hajui iliokotwa na nani. Zile nafasi ulizoacha ndizo walizojaza piano.

Aurore ananiambia nichane barua hii. Anasema ningoje wiki moja tu, upasuliwe, uamke, ndipo nikuambie. Na mimi nataka uishi, Mama, nataka hilo kuliko kitu chochote, nakuomba usiniache. Lakini ulikubali kwa sababu ya Bukuru, na aliye kwenye santuri siye Bukuru. Nikinyamaza, nitakuwa nimekuibia sauti yako huku unaniamini. Siwezi.

Siombi tena uende wala usiende. Nitakuja tarehe sita, hata kama ni kunywa chai tu nyumbani.

Mwanao,
Nestor


Katy, 13 Mei 2025

Mama,

Shikamoo, na pole, pole tena. Aurore anasema kidonda kinafunga vizuri na uvimbe umetoka wote. Namshukuru Mungu mpaka nachanganyikiwa.

Lakini mimi sina raha. Nilipofika hospitali tarehe sita walikuwa wameshakuvika lile gauni lao, ukanishika shavu, wakakusukuma ndani. Ulipotoka daktari akasema mshipa haukuokoka. Nilikaa na wewe siku zangu zote za ruhusa, unaniandikia kwenye kile kibao "maji", "mto", "funga pazia", na mimi mwoga nikashindwa kukuuliza. Aurore hakuiona bahasha nyumbani.

Barua yangu ulipata? Au uliingia mle ndani ukiamini unamwacha Bukuru kwenye santuri? Niambie, hata kama ni kunilaani.

Nestor wako


Garland, 20 Mei 2025

Nestor mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mtu asiyeweza kukugombeza kwa mdomo. Usifurahi mapema, maana mkono bado una nguvu. Nakula uji, nakula ndizi, Mama Prudensia alileta samaki na nikamla. Nalala bila kukabwa. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanalala hivyo.

Barua yako niliipata. Ilifika siku moja kabla ya kupasuliwa, nikaitia mkobani; asubuhi yake niliisoma ndani ya gari la Aurore kwenye maegesho ya hospitali, yeye amekwenda kuchukua tiketi ya kuegesha. Niliisoma yote. Pasaka ile siikumbuki, Nestor, mpaka leo. Nakumbuka maziwa na kile kitenge, Pasaka hapana. Lakini Padri hasemi uongo, na niliposoma kwamba nilingoja kuitikiwa, nilijua ni mimi.

Nilikaa mle garini nikasema, basi nirudi nyumbani. Nikajaribu kukasirika, hasira haikuja. Mwezi mzima nilikuwa nimekaa na ile ngoma ya Waitaliano nikimlilia dada yangu, kilio alichonyimwa tangu ujana wetu, nikidhani namsikia yeye, kumbe najisikia mimi. Machozi yalikuwa ya kwake hata hivyo. Hayakurudi ndani. Na hakuna aliyeniita nimfuate. Nilikuwa hai, nina njaa, mtoto wangu yuko barabarani anatoka Katy.

Bukuru hakuwa kooni mwangu. Bukuru amekufa. Nimelikwepa neno hilo maisha yangu yote, na siku niliyoliweza hakuna wa kunisikia nikilisema, kwa hiyo naliandika hapa, ulisome wewe. Alikufa. Alikuwa na miaka ishirini, alikuwa anacheka ovyo kanisani, nilimpenda, na amekufa.

Kisha nikaingia ndani, kwa sababu nilitaka kuishi. Mimi. Butoyi.

Nasikitika sauti imekwenda, sitakudanganya. Juzi Kethia alinipigia kwenye video, akaniita "Bibi" kwa Kiswahili safi, akangoja, na nikawa napunga mkono tu. Nililia tena. Nimekuwa mtu wa kulia sasa, mtazoea.

Jumapili kuna misa saa tano. Nimemwandikia padri wetu amtaje Bukuru pamoja na marehemu, mara ya kwanza tangu afe. Wanawake wa kwaya watakuja baadaye nyumbani tumalize msiba, Aurore anapika. Njoo na Kethia, njoo na mke wako, na huyo Gary wako kama anapenda. Fikeni mapema. Jina litakaposomwa kanisa zima litamwombea kwa sauti, na mimi nitakuwa nimesimama pale kimya. Nataka usimame karibu yangu.

Mama yako,
Butoyi